Mkufu wa Mama Hauzungushwi

Tarehe 4 Februari

Wifi yangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi huku nipo, nakula, nalala, na kazini nasimama kutwa nzima, maana kiti cha kaunta kilivunjika mwaka mpya na bosi bado anasema kitatengenezwa kesho. Mwambie kaka asiweke barua zenu karibu na machungwa kwenye lori lake. Ile ya mwisho ilinukia mpaka nikashikwa na njaa.

Mama, shikamoo. Kuanzia hapa ni yako, wifi akusomee polepole. Najua unapenda barua kuliko simu kwa sababu simu huwezi kuirudia. Magoti yako je? Unayapaka ile dawa au unaificha chini ya mto ukidhani sijui? Kazi mpya nimeizoea. Nyuma kuna karakana, mbele kuna kaunta, na kwenye kaunta nipo mimi. Pete na mikufu ya shaba inaoshwa, inafungwa kwa waya mwembamba, inazamishwa kwenye beseni lenye umeme na maji ya dhahabu, na inatoka ya njano kama ile ya matajiri. Fundi anayechovya tunamwita Glavu, kwa sababu hata akinywa chai glavu hazimtoki. Sasa cheka, mama: huyo Glavu wiki iliyopita kaniletea pete ndani ya kiberiti. Kaichovya mwenyewe, eti mara mbili. Nikamrudishia papo hapo. Nikamwambia baba yangu alimvisha mama yangu dhahabu, sikukulia kwenye nyumba ya vitu vya kuchovya. Akarudi kwenye beseni lake.

Wifi, karatasi hii ya pili ni yako peke yako. Usimsomee mama.

Kila mteja akinunua nampa kadi yenye kanuni za kutunza kitu cha kuchovya. Nimeisoma mpaka naiota. Vua kabla ya kuoga na kabla ya kuosha vyombo. Vaa mwisho, mafuta na manukato yakishakauka. Ukivua, futa jasho kwa kitambaa laini kikavu. Weka peke yake kwenye kifuko, kisikwaruzane na kingine. Usisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Kikichafuka, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, basi.

Jana nilikuwa namsomea mteja mmoja hiyo kadi, nikaishia katikati. Nilikuwa nakuona wewe. Wewe na kile kitambaa chako cha flana, mama akirudi tu kutoka alikokwenda unampokea mkufu, unaufuta, unautia kwenye kifuko chake cha bluu. Siku zote nilisema kaka kapata mke msafi. Lakini dhahabu halisi, wifi, haina haja ya mambo yote hayo. Dhahabu halisi unaoga nayo, unalala nayo, na hata ukizikwa nayo haibadiliki. Kwa nini unaufuta mkufu wa mama?

Nauliza tu.

Ni mimi, Kasuku, kama mama anavyoniita kwa kuwa sijui kunyamaza


Tarehe 27 Februari

Wifi Kasuku,

Salamu zako zimefika. Za machungwa kaka yako amezisikia, amesema yeye ni dereva, si tarishi. Sisi hatujambo. Bomba la uani limepasuka, tunachota maji kwa Mama Cherehani, yule mshonaji wa mlango wa pili, na kila ndoo ina umbea wake. Mama anasema marahaba, na dawa ya magoti anapaka, asemavyo yeye. Habari ya Glavu ilimchekesha mwanzoni. Kisha akaniambia nirudie pale pa pete. Nikarudia. Akaomba maji ya kunywa.

Kuhusu swali lako: naufuta kwa sababu unapata jasho. Na kabati nalifuta, na redio naifuta, na hakuna aliyewahi kuniandikia barua kuhusu redio. Mama ndivyo apendavyo. Nilipoolewa nilimkuta hivyohivyo.

Na mimi niulize tu. Miaka tisa nimo katika nyumba hii, hujawahi hata siku moja kuuliza habari za mkufu. Leo umepata kazi kwa watu wa vito, swali lako la kwanza ni mkufu. Kama unautaka, wifi, sema unautaka, tusizungushane. Mama yu hai, na shingo bado anayo.

Wifi yako wa nyumbani


Tarehe 19 Machi

Wifi,

Nashukuru kusikia mko salama, na poleni na bomba. Mimi nilipata mafua wiki mbili, sauti ikakauka, wateja wakapumzika. Kiti bado. Mama, shikamoo, leo sehemu yako ni fupi, nitakuandikia ndefu nikipona kabisa. Glavu hajambo. Hanisemeshi. Ananisukumia vitu vya kufunga kwa ncha ya kidole kama vile nitamuunguza.

Karatasi ya pili, wifi, ya kwako.

Mimi ni mtoto wa nyumba hiyo, usinipige chenga. Redio haihusiki. Nimekaa nimekumbuka mambo. Nikiwa mdogo, nikipakatwa na mama, nilipenda kuushika ule mkufu na kuuzungusha shingoni mwake, naye ananichapa mkono. Watoto wa wenzake walichapwa kwa kuvunja sahani, mimi nilichapwa kwa kuzungusha mkufu. Mama aliuthamini hivyo kwa sababu ulikuwa dhahabu. Baba alimvisha mbele ya dada zake wote, na baba hakuwa mtu wa maneno matupu. Hatukuwa na nyumba kubwa, hatukuwa na jina, tulikuwa na hilo. Nimetembea nalo kichwa juu mpaka leo. Kwa hiyo kama mkufu uliopo unahitaji flana na kifuko, basi huo si ule.

Na kama si ule, ulibadilika lini? Mwaka juzi mama alilazwa siku nne. Alivuliwa mkufu mlangoni mwa wodi. Akapewa nani aushike? Sitaki kusema neno halafu likanirudia. Nataka ufanye jambo dogo tu. Uchukue mkufu mchana, kwenye mwanga, utazame upande wa ndani wa kishikizo, pale panapolalia ngozi. Niandikie pana rangi gani. Rangi yenyewe, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kasuku


Tarehe 2 Mei

Wifi,

Nimechelewa kukujibu. Lori halikuharibika wala kalamu haikuisha wino. Nimechelewa tu.

Sisi wazima. Bomba limetengenezwa. Mama sasa anatembea mwenyewe kila alasiri mpaka kwa Mama Cherehani. Anakaa kizingitini, anamchagulia vifungo vinavyofanana, na mkufu wake shingoni, wanamsema kila anayepita. Furaha yake yote imo humo. Akirudi huwa amechangamka, chai anakunywa vikombe viwili.

Kishikizo nimekitazama. Ni cha njano.

Ya hospitali sitayajibu. Nililala sakafuni siku nne kando ya kitanda cha mama yako, mkufu nimeushonea ndani ya upindo wa gauni langu. Wewe ulituma kadi ya pole. Kaka yako hajui ulichoniandikia. Nimemficha, maana akijua atakuja huko na lori, na hatakuwa amepakia machungwa.

Usiniandikie tena karatasi ya pili.

Mke wa kaka yako


Tarehe 20 Mei

Mama yangu mpenzi, shikamoo,

Safari hii karatasi ni moja tu, kama nilivyoagizwa. Mko wazima wote? Mimi mzima. Kiti kimetengenezwa, kimekuwa kirefu kuliko kaunta, nikikaa magoti yanagonga ubao, kwa hiyo bado nasimama. Nimefurahi kusikia unatembea mwenyewe mpaka kwa Mama Cherehani. Mpe salamu zangu na umwambie ile sketi aliyonishonea haijafumuka hata uzi mmoja.

Kwenye kifurushi kuna vitu viwili vyako. Cha kwanza ni skafu ya zambarau, usiiweke kabatini ukisema ya safari, ivae. Cha pili ni chupa ndogo yenye kifuniko cheupe. Hiyo ni dawa ya masonara ya kung'arishia dhahabu halisi. Dhahabu halisi haiiogopi hata kidogo, inazidi kuwaka. Wifi akusugulie mkufu mbele yako, asugue hasa, asiubembeleze, na kama kuna mgeni basi naye aone zawadi ya baba inavyong'aa baada ya miaka yote hii.

Wifi, na wewe hujambo? Najua utamfanyia mama kazi hii kwa moyo wote. Nangoja majibu.

Mwanao Kasuku


Tarehe 14 Julai

Kasuku,

Kifurushi kilifika. Nimekaa wiki kadhaa nikitafuta namna ya kukuandikia bila kukutukana, sijaipata, kwa hiyo naandika hivyohivyo. Kaka yako mzima. Mama yuko hai.

Barua ilifika alasiri. Mama Cherehani alikuwa amekuja kumpima mama gauni, utepe wa vipimo bado unaning'inia shingoni mwake. Mama akasema soma. Mimi nilishaliona lile neno chupa kabla sijalifikia, nikataka kuliruka, lakini Mama Cherehani alikuwa ananichungulia begani, na kusoma anajua. Nikasoma. Nikasema mama, tutasugua kesho, mikono yangu ina mafuta. Akasema lete. Nikasema kitambaa hakijakauka. Mama Cherehani akachomoa kipande cha kitambaa mfukoni, hao hawakosi vitambaa. Nikasema dawa za dukani zina harufu, utakohoa. Nilisema mengi mpaka nikajiona mjinga. Mwisho nikanyoosha mkono niichukue chupa nikaimwage uani. Mama akawahi kuishika.

Akavua mkufu. Akanitazama mimi usoni, akamimina, akaanza kusugua kwa mkono wake. Alisugua taratibu, pingili moja baada ya nyingine, na hakuacha hata ilipoanza kuonekana. Mama Cherehani alikuwa ameanza kusifu, sifa zikamkauka mdomoni. Njano yote ilihamia kwenye kitambaa. Mkononi mwa mama ikabaki shaba nyekundu kama waya wa umeme. Mama Cherehani akakumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni, akaondoka na vipimo vyake. Mama akasema, "Dawa kali hii," akaukunja mkufu akanipa.

Tangu siku hiyo anafunga skafu yako mpaka chini ya kidevu, na joto hili. Kizingitini kwa Mama Cherehani haendi tena. Chai anakunywa nusu kikombe. Nikimsemesha ananijibu vizuri tu, na hilo ndilo linaloniumiza, angenifokea ningepumua.

Sasa nakujibu karatasi zako zote za pili. Mwaka wa pili wa ndoa yangu niliona doa jekundu ndani ya kishikizo. Nikajua hapohapo. Mama alikuwa na mazoea ya kuuvua, na aliwahi kuniambia kwamba marehemu baba ndiye aliyemzoesha. Nikaelewa kwamba mzee alijua alichomvisha, na mama hakujua alichovaa. Nikachukua flana nikawa naufuta mimi, ili macho ya mama yasikae sana pale kwenye kishikizo. Nimefuta miaka saba. Nilikuwa namlinda mama, nikamlinda na baba yako kaburini, na wewe pia na hicho kichwa chako cha juu. Nilikudanganya mara moja tu, niliposema kishikizo ni cha njano. Ulitaka kujua nani alimdanganya mama. Haya, chagua sasa: mimi au baba yako.

Mkufu umo ndani ya bahasha hii. Mama nimemwambia naupeleka kukazwa kishikizo. Akasema haya.

Mke wa kaka yako


Tarehe 9 Agosti

Wifi yangu,

Sioni haya kuanza na salamu, naona haya kuanza na salamu peke yake. Nisamehe. Ile chupa haikuwa zawadi. Ilikuwa mtego, imeandikwa ubavuni kwamba isiguse kitu cha kuchovya, na mimi niliibandua hiyo karatasi kabla ya kuituma. Nilijua ukikataa kusugua nitakuwa nimekukamata, na ukisugua nitakuwa nimekukamata. Nilikutega wewe akanasa mama. Kwa miezi sita nilikufikiria mwizi, wewe uliyelala sakafuni. Sina la kujitetea, na ninavyojijua, kukosa la kusema si jambo dogo.

Barua yako niliisomea kaunta. Mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Hapa kazini anayeweza kurudisha rangi vizuri ni mmoja, na ndiye niliyemtolea maneno makubwa. Nikampelekea. Glavu hakuniuliza ni wa nani, nadhani alijua kwa uso wangu. Akavaa ile miwani yake ya kukuzia, akachungulia katikati ya pingili na ndani ya kishikizo, mahali dawa haikufika. Alichungulia muda mrefu. Kisha akasema, "Huu umechovywa mara nne, na si mwaka mmoja. Kuna mtu alikuwa anaurudisha kwa fundi kila ulipotaka kufifia."

Ndipo nikamkumbuka baba. Kila baada ya miaka kadhaa alikuwa akivaa shati lake la kutokea, anautia mkufu mfukoni, na tukimuuliza anasema anaupeleka kukazwa kishikizo. Maneno yaleyale uliyomwambia mama. Wifi, kishikizo kile hakijawahi kulegea hata siku moja.

Sijui nimkasirikie au nimlilie, kwa hiyo nimefanya yote mawili. Alimdanganya mama mbele ya dada zake, kisha akauhudumia uongo wake mpaka akafa. Na mimi nimekuwa nikiwapima wanaume wote kwa mkufu huo.

Glavu ameuchovya, kazi nzito, alikaa nao siku mbili. Nilipomshukuru akasema tu, "Mpe mwenyewe kadi." Kwa hiyo kadi nimeiweka. Mtungie mama uongo wowote, mwambie dhahabu ikishapita kwenye ile dawa inakuwa dhaifu, inataka masharti. Umsomee kadi, umfungie mkufu, arudi kwenye kizingiti chake. Mama asijue kamwe. Naomba hilo tu, mimi nisiye na haki ya kuomba.

Wifi yako mkosaji, Kasuku


Tarehe 3 Septemba

Wifi Kasuku,

Umerudi kuwa wifi, usijisahau. Hatujambo. Kaka yako kabadilishiwa njia, sasa anapakia vitunguu, ujiandae kwa harufu mpya. Mama hajambo sana, nitakuambia vipi.

Mkufu ulifika mzima. Nilimkalisha mama kitandani, nikamweleza ule uongo wa dhahabu kudhoofika, nikausema vizuri bila kujikwaa, kisha nikamsomea kadi. Kuoga, vyombo, mafuta, manukato, jasho, kifuko, majivu. Alisikiliza mpaka mwisho mikono ameikunja, kama mwalimu anayesikilizishwa somo. Nilipomaliza akasema, "Imesahau moja."

Nikamuuliza ipi, mama.

Akasema, "Usiuzungushe shingoni kutafuta kishikizo. Kuzungusha ndiko kunakoula. Uvue wote, uanze upya."

Wifi, nilikaa chini. Nilikaa kwenye sanduku la nguo, kifuniko kikapinda. Mama akaniangalia, akaanza kucheka taratibu, halafu machozi yakamtoka, halafu akacheka tena. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, amenitaka nimsomee mstari kwa mstari:

"Baba yao alinivisha asubuhi mbele ya dada zake, maana walikuwa wamemsakama kwamba ataoa mikono mitupu. Jioni ileile akakaa kwenye kiti cha mlangoni akaniambia ni shaba. Alilia mtu mzima yule. Nikamwambia, umeniambia wewe mwenyewe kabla sijaambiwa na mtu, basi. Wewe utaupeleka kwa fundi, mimi nitautunza, na watoto hawatajua, wasije wakamdharau baba yao. Tukaishi hivyo. Mwambie Kasuku mimi sikudanganywa hata siku moja. Mlidanganywa ninyi."

Nikamuuliza: sasa siku ile ya chupa, mama, kwa nini ulisugua? Akasema, "Ningekataa, wewe na Mama Cherehani mngejua kwamba najua. Mdomo wangu ndio ungekuwa umemvua nguo mume wangu. Nikaona bora avuliwe na chupa ya mwanawe. Nilikuwa nakutazama wewe, mkwe wangu, nione kama utashangaa. Hukushangaa. Uliogopa. Ndipo nikajua kwamba unajua, na nikaona aibu kukutazama tena, kwa vile umefuta miaka yote hiyo ukidhani mimi ni wa kuhurumiwa."

Kumbe skafu haikuwa ya majirani. Alikuwa ananikimbia mimi. Na mimi nilikuwa namkimbia yeye. Tuko wawili ndani ya nyumba ya vyumba viwili, tunafichana kitu kimoja.

Jana alivaa akaenda kizingitini. Mama Cherehani akautazama mkufu, akasema kumbe ilikuwa dawa tu mbaya. Mama akamjibu, mbaya sana. Wakaendelea na vifungo.

Mimi nimekusamehe, lakini si yote kwa siku moja. Iliyobaki utakuja kuichukua mwenyewe, ulale kwetu. Sakafuni nafasi ipo, nimeijaribu.

Mama ana swali moja, amesema niliweke mwisho usipate pa kukimbilia. Anauliza: yule fundi, ulimrudishia pete kwa kosa gani?

Wifi yako wa nyumbani


Tarehe 30 Septemba

Wifi yangu,

Nimewapata kwa harufu ya vitunguu kabla sijafungua bahasha. Nafurahi mko wazima. Mimi mzima, kiti kimekatwa miguu, sasa nakaa. Nakuja mwezi wa kumi na mbili, na sakafuni nitalala, usinitandikie kitu. Nitakuja na flana mpya, yako na ya mama.

Mama, shikamoo. Maneno yako wifi aliyaandika yote, nimeyasoma mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo. Nilimkasirikia baba kwa mwezi mzima bila kukuuliza wewe mwenye shingo. Mnisamehe wote wawili. Kanuni yako nimempelekea Glavu. Akavua glavu moja, akaiandika kwa mkono wake chini ya kadi ya kaunta, akasema miaka yote ya ufundi hajawahi kuifikiria. Sasa kila mteja anasomewa: usizungushe. Hawajui imetoka wapi.

Swali lako nililisoma mara tatu, kama wewe unavyosikiliza barua. Wifi, mwambie tu kwamba siku hizi kabla ya kuosha vyombo navua kwanza, nafuta, natia ndani ya kiberiti chake, na hata nikiwa na mawazo mengi siizungushi kidoleni.

Kasuku